Kinyago Huanzia Ndani

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo.

Kabla sijasema mengi, naomba lipiko hili, kinyago chetu Wamakonde cha kuvaa kichwani, lipite mikononi mwenu. Msilitazame usoni. Ligeuzeni, mwingize mkono ndani, mpapase kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kisha mpe jirani. Taratibu, msiharakishe. Mimi nitaendelea kusema.

Wanaonijua wanajua nitakalosema, maana nimelisema Newala, nimelisema Mtwara, na leo nalisema tena: tunafundisha vijana kuchonga sura, hatuwafundishi kuchonga kinyago. Sura ni upande mmoja tu. Lipiko ni kofia ya mti inayoingia kichwani mwa mtu, na mtu huyo atacheza nayo juani, amefunikwa nguo mwili mzima, njuga kiunoni, ngoma zinamwita. Kama ndani hapamfai, hiyo sura uliyoihangaikia itamsaidia nini?

Lipiko langu la kwanza nilimchongea mjomba. Niseme kweli, uso ulikuwa mzuri. Nyusi zimekaa, midomo imetokeza, chale za mashavuni zimenyooka. Nikampelekea nikitegemea sifa. Mjomba hakuutazama uso. Akafumba macho, akaingiza mkono, akapapasa kama mnavyopapasa ninyi sasa. Akafika mahali, akasimama. Palikuwa na tuta, alama ya tezo niliyoiacha, si kubwa kuliko punje ya mhindi. Akanivika mimi. Akasema, "Cheza."

Nikacheza. Bila ngoma, uani, yeye amekaa kwenye kigoda. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha lile tuta likaanza kugonga hapa, juu ya jicho, kila ninaporuka linagonga palepale. Nikataka kulivua, akasema bado. Halafu nikagundua jambo la pili: sioni. Nilitoboa macho vizuri kabisa, lakini lipiko letu halikai usoni kama barakoa. Linakaa juu ya kichwa, limeinuka, na mchezaji anaona kwa mdomo. Mdomo wa kinyago ndio dirisha lake. Mimi nilichonga midomo imefumba, kwa sababu imefumba inapendeza. Nilipolivua, damu ilikuwa imefika kwenye nyusi. Mjomba akanipa patasi ndogo na kuniambia, "Uso watauona wote. Huku ndani atakujua mmoja." Siku tatu nilikaa nachonga ndani tu, na mdomo nikaufungua.

Sasa najua kuna kijana hapa anasema moyoni: mzee, mteja wangu ni mtalii, hakivai, anakitundika ukutani, nijisumbue ya nini? Nakujibu. Mti tunaotumia ni mwepesi, msufi mwitu na jamii yake, nao huchongwa ungali mbichi. Ukiacha shavu moja nene na jingine jembamba, jembamba litakauka mapema, nene litabaki na maji, na mti utajivuta mpaka upasuke. Ufa utapita katikati ya uso. Mteja wako atauona akiwa kwake, miezi sita baadaye, na hatakurudia. Kwa hiyo hata kinyago cha ukutani huanzia ndani. Pimeni unene kwa vidole viwili, kimoja ndani, kimoja nje, zungukeni kichwa chote. Kisha kikae kivulini. Kivulini, si juani! Nimeona watu wakianika vinyago juu ya bati ili vikauke haraka, nikaumia.

Na mwingine atauliza kuhusu siri. Mzee, mbele ya akina mama unayasema haya? Mambo ya jando sijayagusa wala sitayagusa. Ninazungumzia mti. Akina mama wa leo wanajua ndani kuna mtu, na bado wanashangilia. Watu wanapenda kusema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mimi nimechonga mengi, na likivaliwa na mchezaji hodari, likageuza shingo ghafla kunielekea, nasogea nyuma. Anayetisha ni aliyemo ndani, na mimi kazi yangu ni kumwachia nafasi.

Mapambo, haraka haraka. Kulainisha: kabla ya karatasi ya dukani palikuwa na jani la msasa, na karatasi imerithi jina lake. Jani lipo porini, bure, halili mti mwepesi kama karatasi. Chale: zipo za kuchonga, na zipo za nta ya nyuki. Nta unaipasha moto, unaisokota kati ya vidole iwe uzi, unaubandika juu ya mstari na kuukandamiza kwa kucha. Vidole vikiwa na mafuta haishiki. Nywele ni za mtu, zilizonyolewa, zinabandikwa fungu kwa fungu, na unaweza kuzinyoa tena kwa mtindo unaotaka. Kama ni sura ya mama, ndonya, lile pambo la kutoga mdomo, ikae kwenye mdomo wa juu. Nimeiona imewekwa chini, sokoni, mara nyingi mno. Na tafadhali, acheni kuupaka mti mwepesi dawa ya viatu na kuuita mpingo. Mpingo ni mzito, wa sanamu. Nani atauvaa kichwani akacheze?

Nilitaka kuzungumza kirefu kuhusu lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, likanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva mwaka uliofuata, na kurudishwa kwetu mwaka 2010. Naona natolewa ishara ya muda. Niseme hili tu: nilifurahi sana liliporudi, na bado nasikitika kwamba picha zake zote nilizoziona ni za usoni. Kijana anayejifunza kuchonga hapati mahali pa kuona wazee walivyofanya ndani. Wenye makumbusho, tunaomba, pigeni picha za ndani pia.

Nguo ya shingoni na matundu ya kuishonea, tutazungumza siku nyingine.

Lile lipiko limefika wapi? Wewe dada wa nyuma, umeshapapasa? Juu ya jicho la kushoto kuna tuta. Nimeliacha makusudi. Aliyelihisi anyooshe mkono.