Java: Ukitaka Kuijua, Fuata Volkano

Ndugu zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie safari ya Java, kule Indonesia, na najua wapo waliokuja na kalamu wakisubiri niwatajie hoteli na nauli. Hizo mtazipata popote. Leo nataka niwashawishi jambo moja tu: ukifika Java, weka kando ramani ya barabara na ushike ya volkano. Miji, mahekalu na hifadhi za taifa vimekaa pale vilipo kwa sababu ya milima ile.

Kwa eneo, Java ni kama sehemu ya saba ya Tanzania. Watu wake wamepita milioni 150, wakati sensa yetu ya 2022 ilituhesabu milioni 61 na ushei. Wanakula nini wote hao? Wanakula mlima. Majivu yanayomwagika leo yakaua mazao, baada ya miaka ndiyo mbolea. Ndiyo maana utakuta mashamba ya mpunga yamepanda mpaka karibu na mahali ambapo mtu mwenye akili timamu, kwa macho yetu sisi wageni, asingejenga hata banda la kuku.

Jakarta sitakaa nayo sana. Ni jiji kubwa, lina joto na foleni, na upande wake wa kaskazini unadidimia, sababu kubwa ikiwa maji ya chini ya ardhi yanayovutwa kila siku. Serikali inajenga makao makuu mapya, Nusantara, kwenye kisiwa cha Borneo. Tangu Oktoba 2023 ipo treni ya mwendokasi mpaka Bandung, kilomita 142, ndani ya saa moja. Pandeni mkipenda. Mimi ningewashauri mpande treni ya kawaida kwenda Yogyakarta, tena ya mchana, mkae dirishani.

Yogyakarta ina sultani ambaye pia ndiye gavana, Hamengkubuwono X, na kaskazini yake umesimama Merapi, mlima wa volkano. Kasri lilikuwa limemteua mzee mmoja, Mbah Maridjan, awe mlinzi wa mlima na kuongoza matambiko yake. Oktoba 2010 Merapi ulipoanza kunguruma, watu waliamriwa kuhama, naye akakataa kuuacha. Wingu la moto likamkuta nyumbani kwake. Mlipuko ule wa 2010 uliua watu zaidi ya 350, na majivu yake yakaangukia Borobudur, hekalu la Kibudha la karne ya 9, ikabidi lifungwe na kusafishwa.

Tazameni Borobudur limejengwa kwa nini: mawe ya volkano, kama milioni mbili, yamepangwa bila saruji wala chokaa. Mlima ndio ulioyazaa. Mpaka leo mito inayoshuka Merapi imejaa malori ya mchanga na mawe ya ujenzi. Juu ya hekalu kuna sanamu 504 za Budha na paneli za michongo 2,672, na ukipewa nafasi ya kupanda utavalishwa ndala maalumu zisizokwangua jiwe. Kwenye michongo hiyo tafuteni jahazi lenye matengo ubavuni, yale magogo yanayolizuia lisipinduke. Sisi wa pwani tukiliona tunacheka, maana ni ndugu wa ngalawa zetu. Wataalamu wengi wanaamini matengo yalitufikia na mabaharia wa visiwa vya kule, haohao ambao lugha yao ndiyo chimbuko la Kimalagasi kinachozungumzwa Madagaska hadi leo. Mwaka 2003 likaundwa jahazi kwa mfano wa mchongo ule, likasafiri kutoka Jakarta, likapita Shelisheli, Madagaska na Cape Town, likafika Ghana mwaka uliofuata.

Prambanan, mahekalu ya Kihindu, mtayaona tu. Mnara mkubwa una mita 47, hamwezi kuukosa. Lakini nawaomba msiruke Sambisari, ambalo mabasi ya watalii mengi hulipita. Mwaka 1966 mkulima alikuwa analima shamba lake, jembe likagonga jiwe lililochongwa. Wakachimba. Wakakuta hekalu zima limefukiwa na tope na majivu ya Merapi, mita sita na nusu chini. Leo unasimama ukingoni mwa shimo, majani ya shamba yako usawa wa miguu yako, na kilele cha hekalu kiko karibu usawa huohuo. Kwangu mimi pale pana mafunzo kuliko Borobudur na umati wake.

Mashariki kuna volkano ya Bromo. Kila mtu atawaambia mwamke usiku mpande jipu kutazama jua likichomoza. Sawa, nendeni, mchukue makoti mazito, lakini mtakuwa mnatazama simu za watu. Subirini majipu yaondoke, kisha mtembee kwenye ule uwanja wa mchanga mweusi. Watengger wanaoishi pale ni Wahindu, na kwenye sherehe ya Kasada hutupa kasokoni, yaani kwenye shimo la volkano, mboga, kuku na hata pesa. Chini kidogo, ndani ya ukingo wa kasoko, wamejipanga watu wenye nyavu wanadaka sadaka kabla haijapotea!

Magharibi, volkano ya Krakatau. Agosti 27, 1883 ililipuka, na watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi kwa mawimbi. Mwaka 1884, hapa Zanzibar, watoto wa shule waliokota ufukweni mawe yanayoelea, yale mepesi ya kusugulia visigino. Na kando yake mafuvu na mifupa ya watu. Vilivuka bahari yote ile. Vijiji vya Ujung Kulon, ncha ya magharibi ya Java, vilivyosombwa havikurudi, msitu ukachukua nafasi, na leo hifadhi ya taifa iliyopo pale ndiyo makazi ya mwisho duniani ya kifaru wa Java, ambao hawafiki mia. Atakayewaahidi kuwaonyesha mmoja anawadanganya.

Naona mkono pale mbele. Mama anauliza kama ni salama. Shikamoo mama. Wana ngazi nne za tahadhari kwa kila volkano, na hutangazwa hadharani. Tazama kabla hujatoka hotelini, kwa sababu hubadilika. Mlima Semeru, huko mashariki, ulipolipuka Desemba 2021 waliokufa walizidi 50, wakiwamo wachimba mchanga. Nendeni kati ya Mei na Septemba, mvua zikiwa chache. Kwenye volkano ya Ijen, penye salfa, vaeni barakoa ya gesi. Na mkiambiwa kasoko imefungwa, imefungwa. Msimtafute kijana wa bodaboda awapitishe njia ya panya.