Springi ya Nyundo Ndani ya Bastola

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wa walinzi, na ninyi wamiliki wa silaha wa hapa Mwanza pamoja na wenzetu waliovuka kutoka Sengerema, nawashukuru kwa kunialika nizungumzie springi ya nyundo, ile inayoisukuma nyundo ya bastola ili igonge na risasi ilipuke, kipande ambacho hakionekani mpaka bastola ifunguliwe.

Ninashika risasi mbili ambazo hazikulipuka. Mkizitazama kwa lenzi mtaona kwamba kila fataki, yaani kile kifuniko kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, ina kidonda chembamba, mithili ya alama ya ukucha kwenye sabuni, ilhali fataki iliyogongwa sawasawa huwa na shimo la duara lenye kina. Risasi hizi zilitoka katika bastola ya mlinzi mmoja ambaye fundi fulani alimkatia mizunguko miwili ya springi ya nyundo ili kifyatulio, au triga kama tunavyoizoea, kiwe chepesi. Kwa kweli kilikuwa chepesi. Wengi hudhani kwamba springi ikikatwa huwa laini, kumbe kwa kila milimita inayobanwa huwa ngumu zaidi. Kinachopungua ni ule mbano wa awali, hivyo nyundo huanza safari yake ikiwa na nguvu iliyopungua.

Hasara hiyo ya kutolipuka ndiyo inayojulikana zaidi. Ninayotaka tuitafakari leo ni nyingine, kwa kuwa springi hii, pamoja na kugonga, ni breki. Risasi inapolipuka, slaidi, yaani kile chuma cha juu, hurudi nyuma na kulazimika kuirudisha nyundo nyuma pia, na mwanzoni huisukuma karibu na ekseli yake, mahali ambapo mkono wa wenzo ni mfupi na upinzani ni mkubwa. Springi ikilegea, slaidi hurudi kwa kasi, hupiga fremu kwa kishindo, na maganda hutupwa mbali. Ikizidi ukali, risasi dhaifu hushindwa kuirudisha slaidi hadi mwisho, ganda likakwama, na mwenye viganja dhaifu akapata taabu kukoki silaha huku nyundo ikiwa bado haijarudishwa nyuma.

Mtu ataniuliza kwa nini asiongeze ukali wa springi ya slaidi ili kufidia. Jibu ni kwamba springi ile huzuia slaidi inaporudi nyuma, lakini nguvu iliyohifadhi huitumia kuirusha mbele, kwa hiyo kishindo kilichoondolewa nyuma huhamia mbele, na magazini hupewa muda mfupi zaidi wa kuinua risasi inayofuata. Springi ya nyundo hailipi deni hilo. Ikishakamatwa nyuma, nyundo hukaa kimya mpaka kifyatulio kivutwe. Ndiyo maana wabunifu hawakuichagua kwa kubahatisha: ile ya bastola ya M1911 ya mbunifu John Browning hutajwa kwa ratli 23, takriban kilo 10 na nusu, na ya bastola ya Hi-Power ya mwaka 1935, iliyokamilishwa na Dieudonné Saive baada ya Browning kufariki mwaka 1926, hutajwa kwa ratli 32.

Hata hivyo, msikimbilie kuilaumu springi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua jinsi unyevu unavyotafuna chuma, na grisi iliyoganda na kuchanganyika na vumbi huipunguzia nyundo kasi kama vile springi imechoka. Safisheni kwanza, kisha mjaribu tena kwa risasi za aina nyingine, kwa sababu zipo fataki ngumu kwa asili. Na kazi yenyewe aifanye fundi mwenye kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea.

Bastola ya yule mlinzi iliwekewa springi ya kipimo cha kiwandani, na kifyatulio kikarudia uzito wake, jambo ambalo hakulifurahia. Uwanjani, maganda yaliyokuwa yakigonga ukuta wa nyuma yetu sasa yanaangukia hatua mbili tatu kutoka kwenye kiatu chake.