Makapi Tunayowapa Kuku

Ndugu wazazi na walezi, nashukuru kwa kunikaribisha. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na nimewaona wawili wakicheka hata kabla sijasimama. Hata hivyo nitasema tena kwamba juisi ya mtoto isichujwe, kwa kuwa machujio bado yananunuliwa.

Msimu mmoja wa maembe nilimtembelea jirani yangu, akanionyesha kwa fahari namna anavyomtengenezea juisi mwanawe wa miaka minne. Alimenya maembe dodo matatu yaliyoiva hasa, akayakatakata, akayasaga kwenye blenda pamoja na maji, kisha akalimimina rojo lile kwenye chujio na kulikamua kwa mwiko mpaka likabaki bonge la nyuzi za manjano. Bonge hilo alilitupa uani, kuku wakaligombania. Katika maji yaliyobaki alitia vijiko vinne vya sukari, tena vya kujaa, akakoroga, akampa mtoto. Nilimwambia, "Mama, leo kuku wako wamekula vizuri kuliko mwanao." Alinuna, na mimi sikuomba radhi.

Wataalamu wa lishe huziita nyuzi hizo makapimlo, na nadhani jina ndilo lililotuponza, maana Mswahili akisikia makapi hutafuta pa kuyatupa. Kumbe ndiyo yanayomlainishia mtoto choo, ndiyo yanayomshibisha, na ndiyo yanayozuia sukari ya tunda isiingie mwilini kwa pupa. Kuna atakayesema kwamba nyuzi za embe humkera mtoto kooni. Basi, saga dakika moja zaidi, au tumia papai. Kuchuja hakukuwa dawa.

Kuhusu sukari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa, pamoja na asali na sukari ya juisi za matunda, isifike asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtoto anayekula kalori 1,200, kikomo hicho ni gramu 30, yaani vijiko vidogo saba na nusu vya mfuto. Vile vinne vya jirani yangu vimekwisha kula zaidi ya nusu, na embe lenyewe bado halijahesabiwa.

"Mwanangu hanywi bila sukari." Nani alimzoesha? Chukueni nusu ya ndizi iliyoiva mpaka ganda likaota madoa, kipande cha papai, kijiko cha parachichi, na maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Parachichi halikuwekwa kwa ajili ya ulaini tu, kwani mafuta yake humsaidia mtoto kunufaika na vitamini A ya papai. Mkipenda, ongezeni unga mweupe wa ubuyu. Ule mwekundu wa dukani ni peremende.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo haya nayataja tu. Kikombe kiwe kidogo na kinywewe wakati wa mlo, kisiwe chupa ya kunyonywa kutwa nzima hadi meno yaoze. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Barafu itokane na maji yaliyochemshwa. Ya ukwaju nilikuwa nayo mengi, lakini tuyaache.

Sasa tusogee mezani tusage. Mama uliye karibu na dirisha, hilo chujio nimeliona. Tafadhali lirudishe kwenye kapu.