Mlangoni mwa Seattle: Vijana na Muziki wa Granji

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Jioni ya leo ninataka tumwangalie kijana wa miaka 15 au 16 anayeshikwa na muziki wa granji, yaani roki yenye gitaa zito linalokwaruza, hata ukawa ndio saa yake, nguo yake na usiri wake, na nitamchukua palepale ulipozaliwa muziki wenyewe, yaani Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani.

Habari hii husimuliwa kwa kawaida kuanzia Septemba 1991, bendi ya Nirvana ilipotoa albamu ya Nevermind, ambayo Januari iliyofuata iliing'oa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard. Kwa maoni yangu huko ni kuingia ukumbini wakati ngoma imekwisha kukolea. Tuanzie mlangoni. Mwaka 1985 jiji la Seattle lilipitisha sheria ya madansi ya vijana, iliyomtaka mwandaaji akate bima ya dola milioni 1 na kuwalipa polisi walio nje ya zamu ili walinde shughuli, masharti ambayo waandaaji wadogo hawakuyamudu. Na baa, ambako bendi nyingi zilipiga, hazikumpokea aliye chini ya miaka 21. Hivyo kijana wetu aliweza kukaa mtaa wa pili kutoka bendi aliyoipenda kuliko zote na asiione hata siku moja. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2002, wakati yeye amekwisha kuwa mtu mzima.

Aliyefungiwa nje husikiliza kwa makini zaidi kuliko aliyeko ndani. Kulikuwa na KCMU, redio ya Chuo Kikuu cha Washington, iliyopiga bendi za mjini bila kuona haya, na kulikuwa na posta: mwishoni mwa 1988 kampuni ya kutoa santuri ya Sub Pop ilianzisha klabu ambayo mwanachama alilipa kwanza, kisha akaletewa santuri ndogo kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa ya Nirvana, nakala 1,000, zote zimeandikwa namba kwa mkono. Mtu anayeshika santuri yenye namba yake hajioni tena kuwa mteja.

Jambo lililowafunga vijana hawa na muziki huo kabisa, hata hivyo, ninaliona kwenye gitaa. Legezeni uzi ulio mnene kuliko zote ushuke kutoka mi hadi re, kama bendi ya Soundgarden walivyofanya mara nyingi. Sasa lazeni kidole kimoja, kimoja tu, juu ya nyuzi tatu nene: mmepata kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja (hii haidaiwi na serikali), na mkikitelezesha kidole hichohicho juu na chini mmekwisha kupata nusu ya wimbo. Ongezeni kisanduku cha kukanyagia kinachokwaruza sauti, cha aina ambayo bendi ya Mudhoney walichukua jina lake kuiita santuri yao ya 1988, na makosa ya mwanafunzi yanamezwa na ule mngurumo. Shabiki wa muziki wa roki uliotamba wakati huo, wenye solo za kasi, alihitaji miaka ya mazoezi kabla ya kuthubutu. Huyu wetu alihitaji Jumamosi moja na jirani mvumilivu. Hata jalada la Bleach, albamu ya Nirvana ya 1989, lilimwambia wazi kwamba fundi wa studio Jack Endino aliirekodi kwa dola 600, kiasi ambacho marafiki wanne wanaosafisha vyombo hotelini wangeweza kukikusanya.

Kwa hiyo Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alipofariki Aprili 1994, akiwa na miaka 27, vijana hawakumlilia kama nyota wa mbali. Tarehe 10 mwezi huo maelfu yao walikusanyika katika bustani ya Seattle Center. Wengine waliingia na nguo zao ndani ya chemchemi kubwa iliyoko hapo. Hapakuwa na tiketi, na hakuna aliyeulizwa umri wake.