Kamba ya usumba na mripuko wa jua: mazungumzo ya barazani, Chake Chake

Assalaam alaykum jamani, ahsanteni kwa kuja na jua lote hili la mchana. Kila nikiuliza mripuko wa jua, yaani ule mwanga mkali unaotokeza ghafla juu ya jua, unatokana na nini naambiwa moto umezidi. Sivyo. Jua haliwaki kama kuni, na kinachosababisha mripuko ule ni sumaku, leo nataka tuelewane hapo tu.

Nani hapa kamuona bibi yake akisokota kamba? Naam, mikono mingi. Makumbi yameshafukuliwa pwani, yameshapigwa, usumba umeanikwa ukakauka, bibi kakaa mkekani anasokota kwa viganja. Sasa ichukue ile kamba uisokote, ikishakaza usiache, endelea tu, itafanya nini? Itajikunja yenyewe itoe kitanzi. Basi kitanzi hicho mkishike, ntakirudia.

Jua zima ni gesi ya moto sana yenye umeme ndani yake, wenyewe wanaiita plazima, na gesi ya namna hiyo imeshikana na mistari ya sumaku, yaani njia inazopita nguvu ya sumaku, inakokwenda inaiburura. Na jua halizunguki kwa pamoja kama dunia yetu, pale katikati kwenye ikweta yake linamaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, kule kwenye ncha linachukua kama siku 35, kwa hivyo kati kunatangulia ncha zinabaki nyuma, na ile mistari inavutwa inazungushwa inasokotwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka inajikunja kama ile kamba ya bibi na vitanzi vinachomoza nje. Pale vinapochomoza sumaku inazuia joto la ndani lisipande, panapoa, ndo tunaona doa jeusi. Kupoa kwenyewe ni nyuzi 3,500 hivi za selsiasi wakati pembeni yake ni 5,500, kwa hivyo msidhani pana baridi!

Aliyegundua kuwa madoa yale yana sumaku ni mtaalamu wa nyota George Ellery Hale, mwaka 1908, kwenye kituo cha kutizamia nyota cha Mount Wilson, Marekani. Hakwenda na dira juani, aliusoma mwanga tu, maana mwanga wa jua ukiutandaza rangi rangi unaona mistari myembamba ya giza, na ukitoka penye sumaku kali mistari hiyo inagawika. Mimi hili kila nikilisomesha linanisisimua.

Sasa mripuko wenyewe. Vitanzi vinasongamana, vyengine sumaku yake inaelekea huku na vyengine kule, na vinazidi kusokotwa kutoka chini. Ikafika pahala mistari inayopingana inakutana, inakatika na papo hapo inaungana upya kwa njia nyengine iliyolegea zaidi. Hapa kamba ya bibi haitufai tena kwa sababu ile ikikatika imekatika. Nguvu yote iliyowekwa na ule msokoto kwa siku nyingi inafunguka kwa dakika chache, gesi inafika nyuzi milioni 10 na kupindukia, inamwaga miale ya eksirei. Mara nyengine na wingu zima la plazima linarushwa nje.

Tarehe 1 Septemba 1859 mtaalamu wa nyota Richard Carrington alikuwa Uingereza anachora madoa ya jua, ghafla akaona mwanga mweupe umetokeza juu ya kundi la madoa, dakika kama tano ukapotea. Saa 17 na kitu baadae dunia ikapata dhoruba ya sumaku, yaani sumaku ya dunia ikavurugika, nyaya za telegrafu zikapitisha umeme wa ajabu, pengine mafundi wakatoa betri kabisa na ujumbe ukaenda vilevile.

Mzee wangu pale nyuma kauliza, sisi wavuvi inatuhusu nini. Inakuhusu mzee wangu. Ile eksirei inafika kwetu kwa dakika 8 na kidogo, inaivuruga hewa ya juu kabisa upande wenye mchana, na redio za masafa mafupi zinaweza kunyamaza kwa dakika kadhaa au hata saa nzima, ukadhani redio mbovu kumbe nzima. Na GPS, kile chombo cha kukuonesha ulipo, inaweza kukuonesha pahala sipo. Lile wingu lenyewe linachukua siku moja mpaka tatu, likifika hata sindano ya dira inatikisika, kidogo sana lakini vipimo vinaonesha.

Madoa yanazidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na Mei 2024 tulipata dhoruba kubwa kuliko zote kwa miaka 20 nyuma. Kesho asubuhi nakuja na darubini na karatasi nyeupe, tutaliangusha jua kwenye karatasi tuyahesabu madoa pamoja, lakini wanangu nakuombeni, mtu asilitizame jua kwa jicho wala asichungulie kwenye ile darubini, jicho linakwenda hivihivi. Haya, nani ana suala jengine?