Figa la Tatu: Albamu za Utatu katika Roki ya Progresivu

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wapenzi wa muziki

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nianze na hii kaseti. Ni ya dakika 90, ganda limepasuka pembeni na kibandiko kimegeuka rangi ya chai. Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli hapa mjini, na mhandisi mmoja aliyekuwa anahama alimwachia boksi zima la kaseti. Mwishoni mwa miaka ya themanini mjomba akanipa hii, kwa sababu yeye mtu wa dansi, na humu ndani, alisema, magitaa yanagombana tu. Upande A umeandikwa kwa kalamu: K.C. 1. Upande B: K.C. 2. Redio iliutafuna mkanda mara nyingi, nikawa naurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic, mpaka kwenye wimbo wa pili sauti ikawa inazama kidogo, kama mtu aliyekanyaga tope. Mpaka leo nikisikiliza nakala safi, masikio yangu yanalisubiri lile tope.

Swali lililonikaa kichwani utoto wote lilikuwa hili: kama kuna moja, na kuna mbili, tatu iko wapi? Sote tumekulia jikoni kwa mama zetu. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Kwa wasioijua roki ya progresivu, niseme kwa ufupi. Mwishoni mwa miaka ya sitini, vijana wa Uingereza waliokulia kwenye roki walianza kuona wimbo wa dakika tatu unawabana. Wakachota kwenye jazi, wakachota kwenye muziki wa okestra za Ulaya, wakaingiza fidla, filimbi na vinanda vya umeme, wakauacha wimbo uende mpaka uishe wenyewe. Kiu hiyo tunaijua. Wazee mnazikumbuka santuri ndogo za bendi zetu: sehemu ya kwanza upande huu, unanyanyuka kugeuza, sehemu ya pili upande ule, na wewe sebene lilikuwa ndiyo kwanza limekukolea. Wenzetu walikuwa na santuri kubwa, dakika ishirini hivi kila upande. Na wapo ambao hata hizo hazikuwatosha, jambo moja wakalisema kwa albamu tatu.

Kipimo changu ni kimoja, na nakishikilia. Albamu tatu kuwa na jina moja hakuzifanyi utatu. Mwanamuziki Mike Oldfield alitoa Tubular Bells mwaka 1973, ya pili ikaja 1992, ya tatu 1998. Ya kwanza naipenda mno, lakini zilizofuata naona ni kurudi kisimani kuteka maji yaleyale. Utatu ninaoutafuta ni ule ambao ya tatu ikifika, inakurudisha kwenye ya kwanza, na unaikuta siyo ile uliyoiacha.

Mwaka 1973 hapa kwetu tunaukumbuka kwa jambo jingine: ndio mwaka TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Kwenye muziki huu pia ulikuwa mwaka wa kuanza safari. Gong, kundi alilolianzisha Ufaransa Daevid Allen, Mwaustralia aliyekuwa amezuiwa kurudi Uingereza, lilitoa Flying Teapot na Angel's Egg mwaka huohuo, na You mwaka 1974. Ni hadithi ya sayari ya mbali, viumbe wadogo wa kijani na shujaa aitwaye Zero. Hadithi yenyewe hainishiki. Kinachonishika ni ngoma za Pierre Moerlen katika You. Sikilizeni hizo, hadithi iacheni ipite.

Jethro Tull, kundi la Uingereza, ni habari nyingine. Songs from the Wood 1977, Heavy Horses 1978, Stormwatch 1979. Ya kwanza imejaa msitu na sherehe za kijijini. Ya pili inawaimba farasi wakubwa wa kulimia, ambao trekta limewaondolea kazi. Ya tatu ni mafuta ya Bahari ya Kaskazini na baridi kali inayokaribia. Mtu aliyeliona shamba la mtama la baba yake likipimwa viwanja, na humu ndani tupo wengi, haelezwi albamu hizi zinasema nini. Mpiga besi wao, John Glascock, alikuwa mgonjwa wakati ya tatu inarekodiwa, kwa hiyo besi nyingi mle kapiga kiongozi wa kundi mwenyewe, Ian Anderson. Glascock alifariki Novemba 1979, ana miaka 28. Ukilijua hilo, ukirudi kwenye albamu ya 1977 unamsikia kijana mzima kabisa, anacheza kwa furaha. Kipimo changu kimetimia hapo, ingawa kwa njia ambayo hakuna aliyeiombea.

Sasa nataka tukae kidogo na Wafaransa. Kundi linaitwa Magma, na mwenye nalo ni Christian Vander, mpiga ngoma aliyempenda John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi, kupita kiasi. Vander alitunga sayari, akaiita Kobaïa, kisha akatunga lugha ya watu wake na kuimba kwa lugha hiyo. Najua mtaniuliza: tutaimbiwaje maneno tusiyoyajua? Nami nawauliza: mgeni kutoka pwani anapofika Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, kina mama wakaingia na muheme, ngoma zimebanwa mapajani, anaelewa neno gani? Hata moja. Na bado nimewaona wageni wa namna hiyo wakijifuta machozi.

Mwaka 1974 Magma walitoa Köhntarkösz, kisa cha mtu anayeingia kwenye kaburi la kale la Misri. Watu wakaichukua kama albamu iliyojitosheleza. Kumbe ilikuwa figa la katikati. La kwanza, K.A, lilitoka mwaka 2004. La tatu, Ëmëhntëhtt-Ré, mwaka 2009. Tokea 1974 mpaka 2009 ni miaka 35! Mwanzo wa hadithi ulikuja miaka thelathini baada ya katikati yake, na waliokuwa vijana wakati wa Köhntarkösz waliusikia wakiwa na mvi. Mji huu unajua kusubiri. Uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, na serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo tulikuwa mwaka 2016. Kwa hiyo sisi tuna haki ya kuupenda utatu wa Magma kuliko watu wa mji mwingine wowote.

Nirudi kwenye kaseti yangu. K.C. ni King Crimson, kundi la Uingereza. Upande A ni Discipline ya 1981, upande B ni Beat ya 1982. Robert Fripp na Adrian Belew wanapiga magitaa mawili ambayo mjomba aliyasikia yakigombana. Kumbe hayagombani. Hebu tufanye. Upande wa dirishani, hesabuni saba saba, mpige kofi kwenye moja tu. Upande wa mlangoni, hesabuni sita sita, kofi kwenye moja. Mwendo mmoja, msikimbie. Haya!

(Ukumbi unapiga makofi. Pande mbili zinaanza pamoja, zinaachana, zinakutana tena.)

Mmesikia? Mlianza pamoja, mkapishana, kila upande ukaona mwenzake kapotea. Hakuna aliyepotea. Baada ya hesabu 42 mmerudi kwenye kofi moja. Kwenye wimbo wa Frame by Frame gitaa moja linashika mzunguko wake wa saba, lingine linadondosha noti moja, wanaachana mbele ya masikio yako, kisha wanakutana. Fripp na wenzake walikuwa wameusikiliza muziki wa gamelani wa Indonesia, ambako kila chombo kina kipande chake kidogo na wimbo unazaliwa vikikutana. Kina mama wa muheme wangeelewa somo hilo kwa dakika moja.

K.C. 3 niliisikia mwaka 2004, nimepanga chumba Makole. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Uingereza aliniletea sidii. Three of a Perfect Pair, ya 1984. Discipline ina jalada jekundu, Beat la bluu, na hii la njano. Niliiweka, nikazima taa. Nusu ya kwanza ni nyimbo za kuimbika, nusu ya pili ni giza na vyuma. Nikafika wimbo wa mwisho, nikawasha taa nisome jina lake: Larks' Tongues in Aspic, Sehemu ya Tatu.

Sehemu ya tatu ya nini? Kwenye kaseti yangu hakuna ya kwanza wala ya pili. Nikaenda intaneti kafe, nikatafuta. Sehemu ya kwanza inafungua albamu ya jina hilohilo, na ya pili inaifunga. Mwaka? 1973. Figa la tatu la utatu wangu lilikuwa limeegemea jiko jingine kabisa, la miaka kumi na moja nyuma.

Nilipoipata albamu hiyo, sauti ya kwanza kabisa ni hii.

(Inapigwa.)

Vijana mnanitazama, lakini wazee mmeshatikisa vichwa. Ndiyo, ni vidole gumba kwenye ndimi za chuma. Jamie Muir, mpiga vyombo wa kundi hilo, ndiye anapiga. Babu yangu mzaa mama, huko Mvumi, alikuwa na ilimba, ina kitundu alichokiziba kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke kama nyuki. Ya Muir haina nyuki, ni kavu. Lakini niliirudia sauti ile usiku kucha. Miaka yote nilidhani napenda kitu cha mbali, na mlangoni mwake ilikuwepo sauti ya ua wa babu. Tena Mzee Hukwe Zawose, bingwa wetu wa ilimba, albamu yake ya Chibite ya 1996 ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yuleyule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, kundi jingine la roki hii ya progresivu. Njia hizi zinapishana zaidi ya tunavyodhani.

Basi lile jiko la 1973 nalo lilikuwa na mafiga yake matatu. Ya pili, Starless and Bible Black ya 1974, sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani na kelele za watu zikafutwa. Ya tatu ni Red, ya mwaka huohuo. Fripp alilivunja kundi wiki chache kabla haijatoka. Walibaki watatu tu: yeye, John Wetton wa besi na sauti, na Bill Bruford wa ngoma. Wimbo wa mwisho, Starless, unalibeba jina la albamu ya pili ndani ya maneno yake, na Ian McDonald, aliyelianzisha kundi pamoja na Fripp kisha akaondoka mwaka 1969, alirudi kupiga saksafoni.

Tutausikiliza wote, dakika kumi na mbili. Mwanzo ni wa huzuni, kinanda na gitaa taratibu. Baada ya dakika nne na ushee, sauti ya Wetton itanyamaza, besi itaanza kuzunguka kwa kumi na tatu, na Fripp atashika noti moja. Ataikazia palepale, kisha ataipandisha kidogo, kisha kidogo tena, na Bruford ataanza kugonga pembeni kama mtu anayetafuta mlango gizani. Upande wa dirishani na wa mlangoni, safari hii hesabuni pamoja. Na ule wimbo wa mwanzo utakaporudi mwishoni, mniambie kama ni uleule.

Naomba taa za mbele zizimwe.