Kurudi Nyumbani Bila Rafiki: Mhadhara kwa Familia za Wanajeshi

Ndugu wanajeshi, wake na waume zenu, wazazi mliokuja kuwashika mkono, na ninyi wadogo mnaozunguka chini ya viti: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya familia ya mwanajeshi yenye watoto wadogo, hasa kipindi cha kurudi nyumbani. Nitasema neno langu kuu sasa hivi, maana wenye watoto wachanga huenda mkalazimika kutoka kabla sijamaliza. Mwanajeshi harudi nyumbani siku ile anaposhuka na begi lake. Hurudi kwa miezi. Na kama huko alikotoka amempoteza rafiki, hatamaliza kurudi mpaka rafiki huyo atajwe ndani ya nyumba, kwa jina lake, watoto wakisikia.

Mimi ni mke wa askari. Mume wangu na rafiki yake mkubwa waliingia jeshini pamoja, wakapangiwa kikosi kimoja, na kambini nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Watoto wangu walimwita baba mdogo. Wa kwake walimwita mume wangu baba mkubwa. Waliondoka pamoja kwenda kulinda amani. Mume wangu alirudi. Rafiki yake aliletwa. Jina lake sitalitaja hapa, kwa kuwa mjane wake ameomba hivyo na ninaheshimu ombi lake. Nyumbani kwetu linatajwa kila siku.

Kwenye kuondoka sitakaa sana, kwani vikosini mnaelekezwa. Niongeze moja tu. Mwaka 1987 Kathleen Vestal Logan aliandika kuhusu wake wa wanamaji wa Marekani, akaugawa mzunguko wa safari katika hatua 7, na hatua 2 za mwanzo zote hutokea kabla meli haijang'oa nanga. Mmeziona nyumbani kwenu. Zile siku za mwisho ambazo mlitaka ziwe za upendo mtupu, mnajikuta mnagombana juu ya ufunguo, juu ya mlango uliofungwa kwa nguvu, na usiku mnalala mmepeana migongo. Moyo umeanza kujitenga mapema ili siku yenyewe isiuchane. Msitafsiri ugomvi huo kuwa ndoa imekwisha. Na mtoto akiwasikia, aambiwe waziwazi: baba na mama wana huzuni kwa sababu baba anasafiri, na wewe hukufanya kosa lolote. Mtoto wa miaka 4 au 5 huamini kwa urahisi kabisa kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Mtoto mdogo hana kalenda. Ukimwambia baba atarudi baada ya miezi 12, hujamwambia kitu anachoweza kukishika. Anachoelewa ni kwamba jana baba alikuwepo, leo hayupo, na mama amebadilika sauti. Siku hizi tunayo simu ya video, na ni neema kubwa, lakini nayo ina yake. Binti yangu alikuwa anajifunza kuongea baba yake alipoondoka, na kwa muda mrefu baba kwake alikuwa ni mtu wa kwenye kioo cha simu: uso tu, unaokatika katikati ya sentensi. Siku baba alipoingia mlangoni, mrefu, ananuka jasho la safari, buti zimejaa vumbi, binti alimwangalia, akakimbilia mezani, akachukua simu na kuanza kuigongagonga akiita "baba, baba". Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Aliweka begi chini, akakaa sakafuni palepale mlangoni akiwa na kombati lake, akaanza kuimba wimbo wa kumlazia ambao alikuwa akimwimbia kwenye simu. Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Yule mtoto aligeuka, akasikiliza, akarudisha macho kwenye simu, akasikiliza tena. Kumgusa alimgusa kesho yake.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu askari wengi wanaporudi na mtoto akawakimbia, huchomwa moyo kuliko kwa jambo lolote lililowapata huko. Wanasema, "Mwanangu amenikataa." Sikilizeni: hajakukataa.

Katika Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha nyumba za kulelea watoto huko Hampstead, London. Baba wengi wa watoto hao walikuwa vitani, mama wakiwa kazini. Wanawake hao wawili waliandika jambo lililowashangaza watu wa wakati ule: mabomu hayakuwaumiza watoto wadogo kama kutenganishwa na mama kulivyowaumiza. Katika nyumba hizo alifanya kazi kijana mmoja, James Robertson, ambaye baadaye alijiunga na daktari John Bowlby kuchunguza watoto wanaotengwa na wazazi, hasa waliolazwa hospitali. Waliona njia moja ikijirudia. Kwanza mtoto hulia na kupinga. Halafu hukata tamaa, ananyamaza, anaketi pembeni. Mwisho hutulia, anacheza, anakula, na watu wazima husema amezoea. Mzazi akirudi wakati huo, mtoto humtazama kama mgeni, au humpa mgongo. Kule kutulia kulikuwa ni mlango alioufunga ili asiumie tena. Kwa hiyo mgongo anaokupa ni kipimo cha jinsi ulivyokuwa muhimu kwake. Asiyekujali asingekuwa na haja ya kujikinga nawe.

Basi fanyeni hivi. Usimnyakue. Usimwache bibi au shangazi amsukume kifuani kwako ili picha ipatikane. Kaa chini, urefu wako ulingane na wake. Shika kitu anachokijua, kitabu chake au mwanasesere wake, ukiongea na mama kwa sauti ya kawaida. Atakuja, kwanza kwa jicho, halafu kwa kidole, halafu mwili mzima. Na akishakuja, jiandae kwa ghadhabu, maana yule aliyekaa kimya miezi yote sasa amepata wa kumlilia. Atakojoa kitandani ingawa alishaacha. Atakung'ang'ania mguu ukienda bafuni, kwa hofu kwamba mlango ule nao unaelekea safarini. Atamkimbilia mama ukimwonya. Yote hayo yanapita katika nyumba ambayo watu wazima hawakuyachukulia kama matusi.

Kwa mke au mume aliyebaki nina neno pia. Mwaka 1949 Reuben Hill alichapisha uchunguzi wake wa familia 135 za jimbo la Iowa, Marekani, ambazo baba alikwenda vitani akarudi. Aligundua kwamba familia iliyojipanga vizuri mno bila baba, ikaziba kabisa nafasi yake, ilipata shida kumpokea. Kujipanga ni lazima. Nani angeacha watoto walale njaa akisubiri barua? Lakini nafasi ya aliye mbali ibaki ndogo na hai. Kwetu ilikuwa ni kumuuliza baba kwenye simu jambo moja la kuamua, hata kama jibu nilikuwa nalo: mtoto avae viatu gani siku ya kwanza ya shule, adhabu gani kwa aliyevunja dirisha la jirani. Aliporudi hakukuta familia iliyofungwa. Na hata hivyo alichukua muda kukubali kwamba ratiba ya kulala haiulizwi kwa sauti ya gwaride.

Hapo nimefika kwenye jambo lililonileta.

Yupo mtaalamu mmoja, Pauline Boss, ambaye miaka ya 1970 alifanya kazi na familia za marubani wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam. Hawakujulikana kama wamekufa au wako hai. Kutokana nao alieleza aina mbili za msiba usio na mpaka. Katika aina ya kwanza mwili haupo, lakini mtu yumo mawazoni mwa familia kila saa. Katika ya pili mwili upo, umekaa kitini, na mwenyewe hayupo. Mtoto wa mwanajeshi anaweza kuipitia ya kwanza mwaka mzima, akafurahi kwamba imekwisha, kisha akaingia ya pili bila mtu kumwambia.

Mume wangu alikaa kitini. Alikula akipewa, alijibu akiulizwa. Alikuwa akitazama mahali ambapo rafiki yake alizoea kuketi, kisha anatoka kwenda kusimama nje. Sisi watu wazima tulikubaliana, bila hata kikao, kwamba jina lile lisitajwe mbele ya watoto ili wasiumie. Hivi ndivyo nyumba nyingi za askari zinavyofanya, na kwa upendo. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kumuuliza kila mtu. Swali la kwanza la mwanangu wa kiume baba yake alipofika, hata kabla ya salamu, lilikuwa: "Baba mdogo yuko kwenye gari lingine?"

Mtu mmoja karibu yetu akamjibu, "Baba mdogo amesafiri."

Mnaona tatizo? Katika nyumba ya mwanajeshi, kusafiri ndiyo kazi. Baba amesafiri, baba akarudi. Mtoto yule akaanza kumngoja. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mária Nagy alichapisha uchunguzi wa watoto wa Budapest, akaonyesha kwamba walio chini ya miaka 5 mara nyingi hukiona kifo kama kuondoka tu, au kulala, kitu ambacho mtu anaweza kurudi kutoka kwake. Kwa hiyo tulikuwa tumemwambia mtoto kile alichokuwa tayari kukiamini, tena kwa lugha ya safari za baba yake. Na lipo la kuogofya zaidi. Siku baba akipangiwa safari nyingine, mtoto atakumbuka kwamba kuna kusafiri kwa namna ya baba mdogo.

Mambo yalifunguka jioni moja ambapo mwanangu aliweka viatu viwili vya baba yake mlangoni, akaongeza na ndala zake mwenyewe kando, akasema hizi ni za baba mdogo atakazovaa akifika amechoka. Mume wangu alimkalisha mapajani, akamwambia kwa maneno mepesi sana. Alisema baba mdogo amekufa. Akasema mtu akifa mwili wake unaacha kufanya kazi: hauumi tena, hausikii njaa, hausikii baridi, na hawezi kurudi, hata akitaka. Akasema, "Nilikuwa rafiki yake na ninamlilia." Akamlilia kweli, mbele ya mtoto. Mtoto akamfuta machozi kwa kiganja, akauliza kama baba mdogo alikuwa na maji ya kunywa. Akajibiwa ndiyo, alikuwa nayo. Kisha akaomba kwenda kucheza.

Kesho yake aliuliza upya, kama hakuambiwa kitu. Ndivyo watoto wadogo wanavyoomboleza: wanaingia kwenye huzuni dakika chache, wanatoka, wanarudi baada ya siku mbili na swali lilelile. Jibu liwe lilelile, bila kuchoka. Msiwape jinsi kifo kilivyotokea. Hilo ni mzigo wa watu wazima, na mwanajeshi anahitaji watu wazima wenzake wa kulipokea: mchungaji au imamu wa kikosi, mshauri, na wale waliokuwa naye siku ile. Mtoto apewe ukweli kwamba amekufa, kwamba hakuna aliyekosea kwa kumpenda, na kwamba baba akinyamaza si kwa sababu ya mtoto.

Tangu jioni ile mume wangu alianza kurudi. Nasema kuanza. Alianza kumsimulia rafiki yake kwa vichekesho vyake, jinsi alivyokuwa akipiga pasi kombati usiku kwa tochi, jinsi alivyoimba ovyo na hakujali. Watoto walipata mtu wa kumkumbuka badala ya kiti cha kuogopa. Na nyumba ilipata baba ambaye hakulazimika tena kutoka nje kila jina lilipokaribia mdomoni.

Dunia nayo ina siku yake kwa ajili ya hawa. Tangu 2003, tarehe 29 Mei huadhimishwa kama siku ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo misheni ya kwanza ilianzishwa mwaka 1948. Zaidi ya walinda amani 4,000 wamepoteza maisha tangu wakati huo. Nendeni na watoto kwenye maadhimisho hayo, wakiwa wameelezwa kabla kwamba kutakuwa na milio na ukimya, na kwamba watu wazima watalia. Ila siku moja kwa mwaka haimtoshi mtoto.

Haimtoshi mjane pia. Hili nalisema kwa uchungu. Familia ya askari aliyefariki inaishi katika nyumba ya kazi, na muda unafika wa kuiacha. Watoto wanapoteza baba, kisha chumba, kisha shule, kisha wenzao waliokuwa wakiruka nao ukuta. Sisi tuliobaki, kwa kuogopa kumkumbusha mwenzetu msiba, tunaacha kupiga simu, kana kwamba ameusahau. Mpigieni. Mwambieni mmemkumbuka mume wake mlipomwona mtu akipiga pasi. Watoto wenu waongee na watoto wake, wapelekane picha, wagombane kama zamani. Askari aliyerudi awe mtu wa kwanza kupiga simu hiyo, hata kama mikono inamtetemeka, kwa sababu wale watoto wanataka kusikia kuhusu baba yao kutoka kwa mtu aliyekuwa naye.

Naona wapo hapa wanaoondoka wiki hii, na wapo waliorudi juzi. Tuanze maswali na walio na wachanga mikononi, ili wawahi kuwalaza. Mama uliyekaa karibu na dirisha, karibu.